Keria Haiendi Tupu

Mtu akikukuta juu ya baiskeli katikati ya nyika ya Handeni, jua la utosini, huna gunia la mkaa wala madumu ya maji, ana maswali matatu. Umefiwa? Gari limekuharibikia wapi? La tatu huulizwa kwa sauti ya chini, kwa adabu, maana Handeni ina sifa zake: unamtafuta mganga gani? Nilijibu hapana kwa yote matatu, nikaeleza kwamba natoka Korogwe naenda Kang'ata kwa shangazi yangu, kwa baiskeli, peke yangu, kwa kupenda tu. Kila nilipofika hapo watu walinyamaza, wakanitazama viatu, kisha wakaniuliza kabila.

"Mpare."

"Aaa!" Wote wakapumua. Kumbe ni nauli.

Sisi Wapare tunasingiziwa mengi. Inasemwa tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Kwa hiyo sikubishana na mtu barabarani. Niweke tu kumbukumbu sawa: chai, mihogo ya kukaanga na soda nilizokunywa njiani zingenilipia basi kwenda na kurudi, tena nimekaa dirishani.

Aliyenitia wazimu huu ni marehemu Thomas Stevens, Mwingereza aliyehamia Marekani. Tarehe 22 Aprili 1884 aliondoka San Francisco juu ya baiskeli za enzi zile, gurudumu la mbele linamfika mtu kifuani, la nyuma dogo la kuchekesha. Akapanda milima, akakata jangwa, akapita zile mbuga za nyasi za Marekani zisizo na mwisho, na tarehe 4 Agosti akaingia Boston, mtu wa kwanza kuivuka nchi ile kwa baiskeli. Mzigo wake ulikuwa soksi, shati la akiba, koti la mvua ambalo usiku liligeuka hema, na bastola. Hakutosheka. Akaja Ulaya, akapita Asia, safari akaimalizia Yokohama, Japani, Desemba 1886. Kisha mwaka 1889 gazeti moja la New York likamtuma Afrika Mashariki kumtafuta Stanley. Huku kwetu alitembea kwa miguu na wapagazi wake. Mtu aliyeizunguka dunia kwa baiskeli, kufika kwetu akaiacha! Mimi nadhani alikuwa amekwisha kusikia habari za mbigiri.

Baiskeli yangu ni Phoenix nyeusi, imara, ya Kichina, na nyuma ina keria ya nondo iliyochomelewa na mtu asiyependa utani. Siku ya kuipeleka kwa fundi, pale Manundu, nilimwomba aitoe hiyo keria ili nipande vilima nikiwa mwepesi. Fundi aliweka spana chini. Ni mzee aliyejifunzia kazi kwenye Swala, zile baiskeli za NABICO zilizokuwa zikitengenezwa hapa hapa nchini, na baiskeli kwake si jambo la mchezo.

"Nikitoa keria, utabeba nini?"

"Sibebi kitu, mzee. Natembea tu."

Akagonga kotapini, akakaza mnyororo, akapaka oili chafu ya gari kila palipozunguka, wala hakusema neno tena. Keria hakuigusa.

Kutoka Korogwe hadi Handeni ni kilomita 65, lami tupu. Unavuka Mto Pangani, na baada ya hapo nchi inaanza kupanda na kushuka kwa zamu, kupanda kukiwa na zamu nyingi zaidi. Karibu na mto mama mmoja alinipungia mkono kutoka kwenye kibanda chake cha maembe.

"Mwanangu, unapita Sindeni?"

"Napita, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Na hiyo keria ina nini?"

"Haina kitu."

Sijawahi kutoa jibu lililonigharimu kama lile. Kabla sijashusha mguu, kikapu kilikuwa kimekwisha kufungwa nyuma yangu kwa ukanda wa mpira, na ndani ya kikapu mlikuwa na tetea mwekundu aliyenitazama kwa jicho moja. Nimpeleke kwa dada yake mama huyo, nyuma ya mashine ya kusaga. Nimwambie tu ni yule wa ahadi. Mbele kidogo, pale niliposimama kupumua, mzee alinikabidhi jembe lisilo na mpini la kwenda kwa mkwewe. Sikuwa nimemwambia naenda wapi. Alitazama baiskeli imeelekea wapi, ikamtosha.

Huku baiskeli ni mali ya umma inayolelewa na mtu mmoja. Dumu la maji ni lita 20, na utakuta kijana amefunga manne, kilo 80, anasukuma kilima akipiga mluzi. Wa mkaa anarundika magunia ya lumbesa mpaka yeye mwenyewe haonekani, unaona mzigo unatembea. Katikati ya watu kama hao unapita wewe, keria inang'aa, umevaa kofia ya plastiki. Huwezi kutegemea wakuache.

Sindeni dada mtu hakuwepo. Alikuwa ameenda Misima kwenye arobaini. "Si uko njiani?" wakaniambia kwa furaha, na kwa kuwa nilikuwa naelekea kwenye arobaini, adabu ikataka nipeleke na kiroba cha unga. Tetea akahamishiwa juu ya unga. Akaona pamemfaa, akajipanga.

Hazikupita dakika nyingi tairi la nyuma likaanza kuyumba. Mbigiri. Kwa asiyeijua, ni mmea unaotambaa chini kwa unyenyekevu, una viua vya njano vya kupendeza, na kokwa yake ina miiba iliyopangwa kwa namna ambayo hata ikiangukaje, mmoja lazima utazame juu. Nilisukuma hadi kwenye mkwaju ambapo kijana alikuwa na banda lake la pancha: kopo la spana, pampu, na vijiko viwili vya chai vilivyonyooshwa kwa nyundo. Kwa vijiko hivyo alilitoa tairi kwenye rimu kwa wepesi wa mtu anayemenya chungwa. Akavuta tyubu nje, akaijaza upepo.

Kutafuta tundu kunataka beseni la maji. Bibi aliyekuwa akipepeta kunde pale kivulini akainua kichwa. "Maji ya kuogeshea mpira hapa hapana." Bomba kubwa la kuleta maji Handeni kutoka Mto Pangani lilijengwa miaka ya 1970, na wenyeji wana utani mwingi juu yake. "Wewe si umetoka huko huko Pangani yanakotoka?" akaniuliza bibi. "Basi umeyapita njiani. Tungoje."

Kijana hakungoja. Aliipitisha tyubu taratibu chini ya mdomo wake, macho ameyafumba, mpaka upepo ukamgusa. Akatema mate pale, povu dogo likainuka. Akapakwangua kwa kipande cha bati kilichotobolewa kwa msumari, akapaka solusheni, akaipuliza, akangoja, akabandika kiraka kilichokatwa kwenye tyubu ya marehemu baiskeli nyingine. Kisha akachukua jiwe akakigonga kwa muda mrefu kuliko nilivyoona inahitajika. Ule mwiba aliusokota na kuung'oa kwa meno, akanipa mkononi, na lile jiwe akaniambia niende nalo, kwa kuwa mbele mbigiri ni nyingi zaidi. Nikamshukuru, nikalitia mfukoni.

Misima nilifika na kuku, unga, jembe na mashtaka. Kilimani tetea alikuwa ametoa ukelele wa ushindi nyuma yangu, na tulipofungua kikapu mbele ya waombolezaji, yai likaonekana. Jambo la kawaida kabisa, ila wazee walikuwa wamekula wameshiba, na hapakuwa na kesi nyingine.

"Yai limetagwa kabla ya kufika au baada?" akauliza wa kwanza. Kabla, nikasema, niko tayari kuapa. Basi kuku alikuwa bado wa mama wa darajani, akasema, yai lirudi. Wa pili akapinga: kikapu kikishafungwa zawadi imekwisha kutoka, yai ni la mpokeaji. Wa tatu, Mungu amjalie, akasema joto lililolikomaza yai lile lilitoka kwenye unga na mitikisiko ya baiskeli, kwa hiyo mwenye baiskeli ana fungu. Hapo damu ya Upareni ikachemka. Nikasimama nikaomba shauri liahirishwe tukamwite yule bibi wa kunde atoe ushahidi. Tulikuwa tunapanga tarehe pale mtoto alipopita akilamba vidole vyenye chumvi. Kielelezo kilikuwa kimekwisha chemshwa.

Handeni mjini nililala, nikaamka na nyonga za mzee wa miaka tisini. Sina la zaidi.

Kutoka hapo kwenda Kang'ata lami niliipa kisogo, nikaingia kwenye udongo mwekundu. Kila lori lililonipita liliniachia koti jipya la vumbi, na ng'ombe waliokuwa wakivuka walinisimamisha mpaka wa mwisho apite. Wao hawakuuliza kabila. Nilipoingia Kang'ata nilikuwa rangi moja kuanzia kofia hadi spoki. Sasa, kata ya Kang'ata ndiyo yenye Magambazi, palipo na dhahabu, na mtu mwekundu namna ile, mwenye begi, anayetembea amepanua miguu, huko hana maelezo mawili. Vijana wawili walinikaribisha kwenye benchi la duka kwa ukarimu wa kutisha.

"Umetoka shimo gani, mkubwa?"

Nilipokuwa natafuta leso, jiwe la pancha likadondoka. Kijana akaliokota. Akalilamba, akaligeuza juani. Lilikuwa na chembe zinazometameta, ulanga tu, nadhani.

"Hili umelitoa wapi?"

"Sindeni. Chini ya mkwaju."

Walitazamana. Wakanirudishia jiwe kwa mikono miwili, wakaaga haraka. Jioni nilisikia kwamba kijijini baiskeli mbili zimeazimwa kwa safari ya ghafla.

Shangazi yangu alinipokea kwa machozi, maana alidhani nimekuja na habari za msiba. Nilipomweleza kwamba wote ni wazima, alikaa chini kwenye mkeka akanishika goti. "Baba, mambo ni magumu hivyo? Ungesema tu, ningekutumia nauli kwa simu." Akanipikia bada na kisamvu, akanitazama nikila, na kila niliponyoosha mguu nikaguna, alitikisa kichwa akaongeza mchuzi.

Siku ya kurudi nilitoka nje alfajiri nikakuta mkutano. Habari zilikuwa zimeenea kwamba kuna mtu anakwenda Korogwe na keria haina kitu. Palikuwa na gunia la mahindi, betri ya gari, godoro lililoviringishwa, na bwana mmoja mnyamavu aliyeshika mbuzi kamba. Nikawaambia, ndugu zangu, si kuna basi linapita hapa?

"Lakini basi linatoza," akasema mama mwenye gunia, akishangaa kwamba mtu mzima hajui.

Basi lilipotokea nilikuwa wa kwanza kulipungia. Nikalipa nauli yangu, nikalipia na baiskeli, nikakaa dirishani. Juu ya paa nilimsikia konda akihangaika na kamba, kisha kichwa chake kikaning'inia mbele ya kioo changu.

"Kaka, hii keria ina mtu?"

"Haina."

Akageuka kwa wale waliobaki chini. "Haya, lile godoro, leteni."