Zege Halilali: Mwongozo kwa Msimamizi wa Chuo Kinachojengwa

Ndugu Msimamizi, hongera. Fedha zimepatikana, mkandarasi amekabidhiwa eneo, na kuanzia Jumatatu mabati yatakizunguka kile kiwanja ambacho wanafunzi walizoea kukikatisha kwenda madarasani. Hauko peke yako. Mwaka 2021 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 425 kwa ajili ya Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, ambao kila mtu anauita HEET, na sehemu kubwa ya fedha hizo inageuka kuwa nondo na kokoto katika vyuo vya umma nchini Tanzania. Siku hizi anayetaka kujua chuo kinaendeleaje haulizi machapisho ya maprofesa. Anasikiliza kama kijiko kinarudi rivasi.

Kujenga tuwaachie mkandarasi na mshauri elekezi. Wewe kazi yako ni watu elfu kadhaa wanaosoma, kulala na kufanya mitihani kando ya shimo, na mwongozo huu utakuonyesha namna ya kuwasimamia bila wewe mwenyewe kulisogelea shimo hilo.

Anza na tangazo. "Uongozi unaomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza." Lipigwe muhuri, libandikwe siku tatu baada ya usumbufu kujitokeza, na libandikwe kwenye ubao ulio ndani ya mabati. Usitaje tarehe wala njia mbadala. Namba ya simu usithubutu, kwa sababu kuna watu watapiga.

Hatua inayofuata ni kung'oa vimbweta. Hata kama viko mbali na msingi, ving'olewe, maana mkandarasi anahitaji mahali pa kumwaga mchanga. Wanafunzi watahamia kwenye ngazi za utawala, walinzi watawafukuza, watahamia chini ya mwembe, na mwembe wenyewe utakuwa umeshapigwa alama ya rangi nyekundu.

Sasa tuje kwenye zege, ambalo linahitaji umakini wa hali ya juu. Jamvi la ghorofa halimwagwi kwa kushtukiza. Nondo husukwa kwa siku nyingi, mshauri elekezi huja kuzikagua na kusaini, ndipo mashine na vibarua wa siku hiyo huitwa. Likishaanza kumwagwa halina kusimama, kwa kuwa zege lililokatishwa katikati likaanza kukauka halishikani vizuri na la kesho yake, na mwanya huo ndio utakaokuja kuvujisha maji. Mafundi wanaposema zege halilali hawatanii hata kidogo. Maana yake ni kwamba siku ya kelele kubwa kuliko zote inajulikana saiti mapema.

Upande wa pili, ratiba ya mitihani ya mwisho wa muhula nayo inajulikana wiki kadhaa kabla, na almanaki ya chuo ilishapitishwa na Seneti. Kwa hiyo kuna karatasi mbili, moja iko ofisi ya mradi, nyingine iko ofisi ya mitihani, na mara nyingi ofisi hizo ziko ukumbi mmoja, zinatumia choo kimoja. Kazi yako kuu, Ndugu Msimamizi, ni kuhakikisha karatasi hizo hazikutani.

Ukifaulu, matokeo ni haya. Saa tatu asubuhi bahasha zinafunguliwa. Saa tatu na dakika tano mikisa inaanza kuzunguka nje ya dirisha, ikifuatiwa na kile kidude cha kutikisia zege chenye sauti inayopanda hadi kwenye meno. Mwalimu anatoka mpaka kwenye mabati.

"Habari za kazi, fundi. Nina watahiniwa mia mbili mle ndani."

"Nzuri, mwalimu. Pole sana. Ila ndiyo hivyo, zege halilali."

Anarudi, anafunga madirisha yote. Kelele inapungua kidogo, joto linaongezeka sana, na wa safu ya nyuma hawasikii tangazo kwamba swali la nne lina makosa ya uchapaji. Kesho yake mwalimu ataandika barua. Ipeleke Mipango. Mipango wataipeleka Miliki. Miliki watasema suala hilo ni la mkandarasi, na mkandarasi huandikiwa kupitia mshauri elekezi. Jibu lisitoke kabla ya siku 28. Huo ndio umri ambao zege hupimwa kuona kama limefikia nguvu iliyokusudiwa, na si busara malalamiko yakomae kabla ya zege.

Kuhusu malalamiko kwa jumla: utahitaji sanduku. Mfumo wa mazingira na jamii ambao Benki ya Dunia ilianza kuutumia mwaka 2018 una viwango 10, na cha kumi kinataka wadau washirikishwe na wawe na njia ya kulalamika. Nunua sanduku zuri, la mbao, lenye kufuli. Ufunguo akabidhiwe ofisa ambaye yuko masomoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za kelele na mitetemo za mwaka 2015 ziwekwe kwenye faili safi, kwa ajili ya wakaguzi. Vumbi nalo lina utaratibu huohuo: boza la maji lije kunyunyizia njia asubuhi ya siku ambayo wageni wanatarajiwa. Siku nyingine zote yupo dada wa usafi, anayefagia ngazi zilezile mara tatu kwa mshahara wa kufagia mara moja.

Njia za muda usizipe uzito. Mabati yakifika hadi mdomoni mwa mteremko wa kuingilia jengo, na mbele ya mteremko huo ukachimbwa mtaro, weka mbao mbili za kumwagia zege, zikiwa bado na misumari. Wengi watavuka. Mwanafunzi wa kiti mwendo atafika, atatazama pengo lililo kati ya ubao na ubao, pana kuliko gurudumu lake, kisha atatoa simu na kumwomba mwenzake amrekodie kipindi. Kwenye taarifa yako ya robo mwaka kuna mstari wa makundi maalumu. Weka alama ya vema. (Seremala wa saiti angeitengeneza njia ile kabla ya chai ya saa nne. Hakuna aliyemwagiza.)

Kuna hatari moja ambayo miongozo mingine haiitaji, nayo ni mama ntilie. Banda lake la zamani lilibomolewa siku ya kwanza, bila fidia, ukadhani mmemalizana. Wiki ileile alikuwa ameshahamia kwenye geti la saiti, akiwapikia saidia fundi, na vipimo vya ugali vikapanda kwa sababu mtu aliyebeba zege tangu asubuhi hadanganywi na sahani ya mwanachuo. Wanafunzi walivyoona vipimo wakamfuata. Lakini ugali si tatizo. Tatizo ni kwamba jioni fundi mkuu humwambia, "Mama, kesho tunamwaga, ongeza sahani hamsini." Basi huyu mama asiye na ofisi wala barua pepe anajua siku ya zege kabla ya Idara ya Mitihani. Wanafunzi wamegundua. Walimu wenye akili nao, wakitaka kupanga jaribio, huenda kunywa chai pale, wanauliza kama kesho kuna sahani za ziada, halafu ndipo wanatangaza tarehe.

Hali hiyo haikubaliki. Mtu anaratibu ratiba za chuo kwa sufuria, bila kikao na bila posho ya kikao. Mwondoe mara moja, sababu iwe kwamba hana kibali.

Mengine yataenda yenyewe. Shahada nyingi ni za miaka 3, na ujenzi, ukijumlisha kuongezewa muda na mvua, unaweza kumeza sehemu kubwa ya miaka hiyo. Aliyekuta shimo ataondoka wakati wa plasta, na hatakuwepo kuuliza chochote siku utepe unakatwa. Siku hiyo panga viti vya mbele kwa ajili ya mgeni rasmi, wa nyuma yake wavae fulana zenye picha ya jengo, na hotuba itaje mara kadhaa "mazingira rafiki ya kujifunzia". Ukigundua jioni yake kwamba kumbi mpya hazina viti vya kutosha, usihangaike na Hazina. Tafuta orodha ya wahitimu wa miaka ile ya vumbi na uwatumie ujumbe wa kuwaomba wakichangie chuo chao. Huo uwe na namba ya simu.