Ngeli za Kurasa za Makumbusho: Uainishaji wa Awali

Fani ya makumbusho ina wataalamu wa mifupa, wa vyungu, wa sarafu na wa mende, lakini haijapata mtaalamu wa kurasa za makumbusho zenyewe, zile zilizotapakaa Facebook, Instagram, TikTok na mtandao uliokuwa ukiitwa Twitter. Pengo hilo linazibwa hapa. Wenzetu wa Ulaya wakitaka kupanga viumbe humkimbilia Linnaeus. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali: lugha yetu ilishaipanga dunia nzima katika ngeli kabla bwana huyo hajazaliwa, na wengi wetu tulichapwa kwa ajili ya ngeli hizo tukiwa shule ya msingi. Vifaa vya utafiti vilikuwa simu yenye kioo kilichopasuka na kifurushi cha wiki. Kigezo ni kimoja tu: nani anasema?

Ngeli ya I-ZI ndiyo yenye wanachama wengi kuliko zote. Humu kuna taarifa, hotuba, nembo, ratiba na risala. Dalili yake kuu ni kauli ya kutendwa: risala imesomwa, zawadi zimetolewa, picha zimepigwa, na hakuna aliyefanya lolote kati ya hayo. Ukurasa wa I-ZI hufufuka tarehe 18 Mei, Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, inayoadhimishwa tangu 1977. Hubandika bango lenye nembo za wafadhili kubwa kuliko kitu kinachoadhimishwa, kisha hulala mpaka aje mgeni rasmi mwingine. Anayetafuta kilichomo ndani ya jengo ataona meza kuu, chupa za maji na watu waliojipanga kwa vyeo. Sitaji makumbusho yoyote ya hapa kwetu, kwa sababu nataka kuendelea kuingia kwa kiingilio cha mwananchi.

LI-YA ni ngeli ya ukubwa, na kielelezo chake ni kondoo. Tarehe 9 Aprili 2018 Museum of English Rural Life, jumba la Reading huko Uingereza linalotunza majembe, mikokoteni na kumbukumbu za wakulima, lilitoa picha ya mwaka 1962 ya dume la kondoo lililonona hadi likawa na umbo la kabati. Adam Koszary, aliyekuwa akiendesha ukurasa huo, hakueleza mbegu wala malisho. Aliandika maneno machache ya kijiweni, ya kiasi cha mtu wa Kariakoo kusema "hebu oneni hili jidume". Laiki zikapita laki moja. Mwaka uliofuata Elon Musk akaliweka dume hilo kuwa picha yake ya utambulisho. Makumbusho nayo ikamweka Musk kuwa picha yake. Funzo la kitaalamu ni dogo ila zito. Jumba lilikitazama kitu chake kama ambavyo mtu yeyote angekitazama akikutana nacho njiani, halafu likasema hivyohivyo. Lingeanza na historia ya ufugaji, tungekuwa na picha ya kondoo isiyojulikana hadi leo.

Tunafika ngeli ya A-WA, ya viumbe wenye uhai, na hapa msomaji anaombwa uvumilivu.

Machi 2020 National Cowboy & Western Heritage Museum ya Oklahoma City, Marekani, ilifunga milango kwa sababu ya korona. Mkuu wa ulinzi, Tim Tiller, akakabidhiwa ukurasa juu ya funguo. Alijitambulisha kama anayeripoti zamu: kazi hii ni mpya kwake, ameifurahia, na kikosi chake kitaendelea kulinda jengo. Chini akaweka jina lake likifuatwa na neno "Send", kana kwamba kitufe nacho lazima kiandikwe. Mjukuu wake akamshauri atumie alama ya reli ili wageni waongezeke. Akaliandika neno hashtag lenyewe kwa herufi zake zote, na jina la mwigizaji John Wayne nyuma yake. Siku nyingine alionyesha kofia na kibandiko cha jicho alivyovaa John Wayne katika filamu ya True Grit, akaeleza alivyotamani kukijaribu kibandiko hicho na kwamba haikuwezekana. Mwisho wa ujumbe: "Ahsante, Tim." Watu waliofungiwa majumbani dunia nzima wakawa wanamsubiri mlinzi wa jengo ambalo hawajawahi kulisikia.

Katika ngazi za vyeo vya makumbusho, mlinzi yuko chini ya mhifadhi, chini ya afisa elimu, chini ya afisa uhusiano, na siku umeme ukikatika, chini ya jenereta. Lakini ndiye anayeshinda na vitu vya makumbusho. Anajua watoto hucheka wapi, na ni kioo gani watu wazima hukipita bila kugeuza shingo. Si ajabu basi kwamba kielelezo cha pili cha A-WA ni mlinzi pia: yule wa Onomichi City Museum of Art, Japani, aliyekuwa akizuia mlangoni, kwa adabu zote za Kijapani, paka wawili, Ken-chan mweusi na mwenziwe Go-chan, waliong'ang'ania kuingia mwaka hadi mwaka. Makumbusho ilirusha tu picha za mvutano huo. Naamini wapo watu wanaoijua Onomichi kwa paka hao peke yao, na sioni ubaya.

Katika ngeli hiihii tunamweka Howard Hatch wa Sacramento History Museum, California, mzee wa kujitolea aliyepita miaka 80. Katika TikTok hasemi mengi. Anautandaza wino kwa kisu bapa, anaukanda hadi unatoa sauti ya kunata, anapaka herufi, anavuta mkono wa mashine ya zamani ya kuchapia, anafunua karatasi. Wafuasi walipita milioni moja. Yumo pia Tim Pearce, mtaalamu wa konokono wa Carnegie Museum of Natural History, Pittsburgh, ambaye hutoa vichekesho vya konokono na kuvicheka mwenyewe kabla hajavimaliza. Vichekesho vyenyewe ni vibovu; nimethibitisha kwa kumsimulia binamu yangu.

Mpinzani atasema kwamba nyuma ya kila Tim kuna afisa masoko aliyeshika simu. Sawa. Ila afisa huyo alikuwa na busara ya kujitoa kwenye picha, jambo ambalo I-ZI hawaliwezi hata kwa dawa. Dhana tunayoipendekeza ni kuwa ujumbe wa makumbusho hufika mbali kwa kadiri ulivyopita kwenye meza chache za kutia saini.

KI-VI tuipite haraka, maana ina mgogoro wa kisarufi. Field Museum ya Chicago ina kiunzi cha dinosau SUE, kilichonunuliwa mnadani 1997 kwa zaidi ya dola milioni 8, nacho kina ukurasa wake kinamojinadi kwa majivuno ya mnyama aliyewahi kula kila mtu. Je, ni kiunzi kinasema au ni dinosau anasema? Wataalamu wagombane. Mimi nawasikitikia simba wawili wa Tsavo walio katika jengo hilohilo, waliouawa 1898 baada ya kuwala wajenzi wa reli, wakawa mazulia kwa miaka mingi kabla ya kuuzwa Chicago. Hao wangepewa mdomo wangekuwa na ya kusema, tena kwa Kiswahili.

Ngeli ya U ina mwanachama mmoja anayesumbua, utupu. Mwaka 2018 Makumbusho ya Historia Asilia ya Vienna ililalamika kuwa Facebook imezuia picha ya Venus wa Willendorf, kinyago cha jiwe chenye sentimita 11 na umri wa karibu miaka 30,000. Mwaka 2021 bodi ya utalii ya Vienna ikachoka, ikahamishia sanaa za uchi OnlyFans, ambako hakuna anayeshtuka.

Imebaki PA-KU-MU, ngeli ya mahali. Februari 2024 Wachile kwa maelfu waliingia Instagram ya British Museum wakidai moai irudishwe, yaani Hoa Hakananai'a, sanamu iliyochukuliwa Rapa Nui, kisiwa ambacho sasa ni cha Chile, 1868 na meli ya kivita ya Uingereza. Makumbusho ikazima maoni kwenye mojawapo ya posti zake. Semina zote za mitandao hufundisha jinsi makumbusho inavyowafikia watu. Sijaona mada ya nini kifanyike siku watu wakiifikia makumbusho.

Kwetu ngeli hii ina vielelezo vya kumwaga. Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo wa Mto Tana, imo stoo ya makumbusho hiyohiyo ya London tangu 1908: hiyo ni MU, ya ndani kabisa. Mradi ulioishirikisha Makumbusho ya Taifa ya Kenya umeorodhesha zaidi ya vitu 32,000 vya Kenya vilivyo katika taasisi za nje: hiyo ni KU. Na kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba Tendaguru, Lindi, mifupa ya dinosau ambayo wapagazi waliibeba siku kadhaa kwa miguu hadi bandarini. Kiunzi kikubwa kilichosimamishwa Berlin mwaka 1937 kina kimo cha mita 13.27, na suala la kukirudisha limewahi kuulizwa katika Bunge la Tanzania. PA ya kiunzi hicho ni shimo.

Kwa Berlin nina pendekezo la kitaaluma. Msimamizi mkuu wa wachimbaji pale Tendaguru alikuwa Boheti bin Amrani, fundi wa kufukua na kuandaa mifupa, na mwaka 2007 wanasayansi walimpa jina lake dinosau mwingine wa hapohapo, Australodocus bohetii. Mimi ningempa ukurasa. Ngeli ya A-WA, umoja.