Meksiko Iko Tuwan

Anayetamani kula katika hoteli ya samaki ya Kimeksiko, ile ya familia ambamo mama yuko jikoni, baba yuko kwenye pesa na samaki analetwa mzima na macho yake, asihangaike kutafuta nauli ya ndege. Aje Kitale, ashuke hadi mtaa wa Tuwan, aketi kwenye benchi la kibanda chochote kinachonukia mafuta ya moto. Hata sahani yenyewe ina asili ya huko: mahindi ya ugali yalilimwa Meksiko maelfu ya miaka kabla Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, haijaitwa ghala la taifa, na nyanya na pilipili zilikuwa mboga za Waazteki kabla Mreno hajaonekana pwani yetu. Mwaka 1964 kituo cha utafiti cha Kitale kilitoa mbegu chotara ya mahindi ya 611, ambayo upande mmoja wa ukoo wake ni mahindi ya Ecuador. Mwaka huohuo tilapia, samaki wa Afrika, alifikishwa Meksiko kupitia Marekani, na leo wanamkaanga huko kana kwamba babu yake alizaliwa Oaxaca. Kwa hiyo wao walitupa ugali, sisi tukawapa kitoweo, na hakuna aliyemwandikia mwenzake risiti.

Mbishi atasema samaki wa Tuwan si wa bahari. Kweli, Kitale iko kiasi cha mita 1,900 juu ya bahari, na samaki wake hupandishwa kutoka Ziwa Victoria, au hutoka Turkana, wengi wakiwa wamekaushwa, kupitia Lodwar na Kapenguria. Lakini tilapia wengi wa Meksiko nao wametoka mabwawani na hawajawahi kuonja chumvi mpaka walipofika jikoni. Kama wao wanasamehewa, ngege, tilapia wetu, amekosa nini?

Pingamizi zito zaidi ni la huduma. Mteja anaagiza samaki wa wastani, analetewa mkubwa, kwa sababu mama amemtazama mashavu na kuamua kuwa amekonda: "Wewe kula tu, mwanangu." Bei, bila shaka, ni ya mkubwa. Anatoa noti ya elfu moja. Kijana wa darasa la nne anatumwa duka la jirani kutafuta chenji, na njiani anakutana na mpira. Wakati huo baba na mama wanabishana kuhusu karo, na mteja, vidole vyote vikiwa na mafuta, anaombwa atoe uamuzi. Halafu mwiba unamkwama kooni. Shangazi anampiga mgongoni, bibi anaagiza amezeshwe bonge la ugali bila kutafuna, na baba anakumbusha kwa upole kwamba soda haijalipiwa. Daktari atapinga tiba ya bonge, na ana haki, maana linaweza kuuzamisha mwiba zaidi. Hata hivyo, ni hoteli gani yenye vitambaa vyeupe ambako vizazi vitatu vitaacha kazi kwa ajili ya koo lako?

Hapo ndipo wanaolalamika wanapokosea hesabu. Wanataka upishi wa familia lakini huduma ya benki. Mkono uleule unaoongeza mchuzi bila kuombwa ndio unaoamua ukubwa wa samaki, na mtoto anayepotea na chenji ndiye aliyeparua magamba kabla ya kwenda shule. Ukimwondoa uweke karani mwenye tai, chenji itarudi haraka, lakini mshahara wake utaingia kwenye bei ya samaki, na shangazi wa kukupiga mgongo hutampata. Atakayesema kwamba vurugu si sharti la undugu, nakubali: orodha ya bei ukutani haijawahi kuvunja ndoa ya mtu, na vibanda vingi vingefaa kuwa nayo. Ila mengine yote ndiyo mapishi yenyewe.

Ukienda, taja ukubwa wa samaki kabla mama hajakutazama usoni, kula kichwa mwisho kwa kuwa hapo ndipo miiba inapojificha, na ubebe noti ndogo ndogo.