Mnunuzi Akigonga Ukuta

Hakuna fedheha inayomkaa mwenye nyumba rohoni kama ile ya kusimama kando ya ukuta wake mwenyewe, huku mnunuzi akiugonga kwa kidole na kutega sikio kama daktari kifuani pa mgonjwa. Katika vijiji vinavyozunguka Mtabila, wilayani Kasulu, na hadi Kibondo, ambako nyumba nyingi hujengwa kwa matofali ya kuchoma, yaani ya udongo uliofyatuliwa, ukaanikwa, kisha ukapikwa kwa moto wa kuni, mnunuzi hababaishwi na mapazia mapya. Huenda moja kwa moja nyuma, upande wa jikoni, mahali ambapo plasta haikufika. Ushauri wa kupaka sebule rangi kabla ya ugeni si mbaya, ila humfaidi zaidi muuza rangi.

Anachokitafuta mnunuzi ni mlio. Tanuri la kienyeji ni matofali yenyewe yaliyopangwa yakaachiwa matundu chini ya kuingizia magogo, kisha nje likakandikwa udongo ili joto lisitoroke. Moto hukokwa usiku na mchana, na joto likishapita takriban nyuzi 600 za Selsiasi, maji yaliyofungamana na chembe za udongo huwa yamekwisha kutoka, wala tofali hilo halilainiki tena kwa mvua. Matofali ya katikati, yanayofikia nyuzi 900 hivi, huiva yakatoa mlio mkali. Ya pembeni, ambayo moto umeyaonea huruma, hutoa mlio mzito uliokufa, na yakilowa huanza kurudia asili yake. Ajabu ni kwamba tanuri moja huyazaa yote, na mwenye nyumba, aliyekwisha kulipia kuni na wafyatuaji, hakuwa na moyo wa kuyatupa hayo ya pembeni. Aliyajengea nyuma, karibu na msingi, akiamini hakuna atakayefika huko. Mnunuzi hufika huko. Huparuza kwa ufunguo, vumbi jekundu likamwagika juu ya kiatu, kisha husema, kwa upole unaouma kuliko tusi, "Mzee, haya hayakuiva," mbele ya mke, watoto na jirani aliyepita kusalimia tu. Kupiga plasta wiki hiyohiyo hakusaidii, kwa kuwa kiraka kibichi kwenye ukuta mkuukuu humwonyesha mgeni pa kuanzia.

Mengine yana dawa nyepesi zaidi: paa lionyeshwe Julai, wakati wa kiangazi, mbuzi wafungwe mbali, na mtoto anayejua bati linavuja wapi apelekwe kwa bibi yake.

Sheria nayo huongeza chumvi kwenye kidonda. Kwa Sheria za Ardhi za mwaka 1999, ardhi yote nchini ni ya umma chini ya udhamini wa Rais, hivyo kinachouzwa ni haki ya kuitumia pamoja na kilichojengwa juu yake, yaani matofali yaleyale. Na kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi, ambaye ndiye huyo mke aliyesikia ukuta wake ukisemwa. Dalali, aliyeisifu nyumba asiyowahi kuingia, hudai chake kwa muuzaji na kwa mnunuzi pia. Kinachochefua zaidi ni mazoea ya sehemu nyingi, yasiyo na kifungu katika sheria hizo, ya ofisi ya kijiji au mtaa kudai asilimia 10 ya bei ili mkataba upigwe muhuri, na anayethubutu kuomba risiti huambiwa kitabu kimekwisha.