Sifa za Mtazamaji Asiyemaliza Picha

Watu wametunga sifa za maembe, za majahazi, na za masultani ambao hawakustahili hata ubeti mmoja. Lakini mtazamaji wa senema aingiaye picha ikiwa imekwisha kuanza, akasinzia katikati, akatoka kabla ya mwisho, na kesho yake akaihukumu barazani kwa sauti isiyotetereka, hajapata mtu wa kumtolea shukrani. Dhuluma hiyo imedumu mno. Mimi, ambaye kwa hisani yake nimeujua mwisho wa picha nyingi nisizowahi kuziona, naona ni wajibu wangu kumlipa japo sehemu ya deni.

Tazama kwanza wepesi wa hukumu zake. Mhakiki aliyesomea kazi huandika kurasa tatu juu ya mwanga, muziki na mpangilio wa matukio, na msomaji akafika tamati asijue kama afunge safari ya kwenda mjini au alale. Mtazamaji wetu ana hukumu mbili tu, "kali" na "haina lolote", na baina ya hizo mbili hakuna njia wala uchochoro. Wanaomlaumu kuwa hakuiona picha yote hawajui maarifa yapatikanavyo, kwani mpishi hali chungu kizima ndipo atambue kuwa chumvi imezidi. Tena yule aliyetazama mwanzo hadi mwisho amekwisha kufungamana na picha: ametoa saa zake, machozi yake na fedha zake, na kama walivyo wote walionunua kwa ghali, huona haya kukiri kuwa alichokinunua ni kibovu. Aliyesinzia hana haya hiyo. Insafu yake imelindwa na usingizi.

Mathalan picha ya Oppenheimer, aliyoiongoza Christopher Nolan mwaka 2023, ambayo huchukua saa tatu na ambayo mwaka uliofuata ilitunukiwa tuzo 7 za Oscar. Wajuzi waliinamisha vichwa. Yeye alisema kuwa aliitwa kutazama picha ya bomu, akaonyeshwa wanaume wenye suti wakigombana vyumbani, na bomu lenyewe, baada ya kungojwa hata kope zikachoka, likalipuka mara moja tu, tena jangwani, mbali na watu. Ukimweleza kuwa ndivyo ilivyokuwa huko New Mexico mwezi Julai mwaka 1945, na kwamba mwongozaji alikusudia kutoonyesha maangamizi ya Hiroshima ili yatusumbue zaidi nafsini, atakutazama kwa huruma na kukuuliza umelipwa na nani. Wala si kwamba hana hoja, maana watu wenye shahada zao waliuliza jambo lilo hilo kwa maneno marefu zaidi: imekuwaje picha ya bomu lile isituonyeshe hata Mjapani mmoja aliyeuawa nalo?

Hali kadhalika katika Gladiator II ya Ridley Scott, iliyotoka mwaka 2024, ambamo uwanja mkubwa wa Roma unajazwa maji na papa wakatiwa humo wawale wapiganaji. Wanahistoria walifungua vitabu. Mtazamaji wetu, aliyezaliwa pwani na ambaye Roma haijui ila kwa jina, alitaka kujua jambo moja tu: ni nani aliyewachukua papa wale kutoka baharini, masafa ya zaidi ya kilomita 20, akawafikisha mjini wakiwa hai, na kwa chombo gani? Sijasikia jibu. Na juu ya Mufasa, picha ya mwaka huo huo aliyoiongoza Barry Jenkins, ambayo simba wake wameundwa kwa kompyuta hata kila unywele ukaonekana ukipepea, alisema, "Simba wote sura moja, sikujua nimlilie yupi," kisha akaagiza kashata.

Sheria anayohukumia ni moja, nayo ni kongwe: steringi hafi. Hakuisoma chuoni. Aliipata katika vibanda umiza, kwenye mabenchi yasiyo na maegemeo, miguuni pa wale mafundi wa kufasiri picha za kigeni, kama Lufufu wa Dar es Salaam au DJ Afro wa Kenya, ambao kwao kufasiri ni kuongeza, kukejeli, kumwonya steringi kuwa adui yuko nyuma ya mlango, na kutoa rai yao juu ya kila busu na kila risasi. Anayelelewa na masheikh hao hawezi tena kutazama picha akiwa kimya, na walioketi karibu naye wanalijua hilo vyema. Kwa sheria hiyo, picha ya James Bond ya mwaka 2021, No Time to Die, ambayo steringi wake anauawa kwa makombora mwishoni, hakuihesabu kuwa picha mbaya; aliihesabu kuwa ni uvunjaji wa mkataba, akadai kurudishiwa kiingilio. (Mwisho huo nimeutaja kwa makusudi, ili msomaji ambaye hajaiona picha hiyo aionje hisani tunayofanyiwa sisi wengine kila Ijumaa.)

Picha za nyumbani ndizo zinazomtoa nafsi yake yote. Ilipokuja Vuta N'kuvute, aliyoiongoza Amil Shivji mwaka 2021 kutoka riwaya ya Adam Shafi, watu walikwenda kumtazama Yasmin, aliyeikimbia ndoa asiyoitaka, na Denge, aliyekuwa akipambana na utawala wa Mwingereza katika Unguja ya miaka ya 1950. Yeye alikwenda kutafuta uchochoro wa kwao. Muda wote alikuwa akinyoosha kidole gizani, akitaja milango na wenye milango, akibishana na kanzu iliyokatwa kinyume na ilivyokatwa zama zile. Na alipodhani ameuona ukuta wa nyumba ya shangazi yake, alipiga ukelele wa furaha hata waliokuwa nyuma wakayakosa maneno ya Denge. Juu ya ukoloni hakusema kitu, wala juu ya mapenzi. Akatoka akatangaza kuwa picha ni kali, na kwa kweli mtangazaji bora kuliko huyo picha ile haikumpata.

Wenye adabu humdharau, lakini wenye mali hawamdharau. Huko Hollywood ni desturi ya siku nyingi kuwakusanya watu wa kawaida, kuwaonyesha picha kabla haijatolewa, na kuwauliza wameionaje. Na picha ya Fatal Attraction ya mwaka 1987 ilipigwa mwisho mpya kwa sababu watazamaji wa namna hiyo hawakuridhika na ule wa awali, ambamo yule mwanamke mkorofi alijiua mwenyewe. Walitaka auawe, tena mbele ya macho yao, na wakapewa. Mamilioni ya dola yalitii nung'uniko la watu ambao pengine nusu yao walikuwa wakitafuna bisi. Nijuavyo, hakuna profesa wa sanaa aliyepata kutiiwa kwa haraka kiasi hicho.

Basi, ewe msomaji, ukimkuta barazani mpishe aketi, mwagizie kahawa, wala usimkatize, kwani kukatizwa humfanya aanze upya. Na ikiwa picha anayoihukumu bado hujaitazama, aga uondoke kabla hajakohoa.