Bosi, Kaa!

Kosa la kwanza lilikuwa jina. Nilimwita Bosi nikidhani wezi wataogopa, maana miezi miwili kabla walikuwa wamebeba mtungi wetu wa gesi pamoja na suruali mbili mbichi zilizokuwa kwenye kamba. Sikufikiria kwamba mimi ndiye nitakayesimama getini saa kumi na mbili asubuhi, nusu ya Kimara ikisikia, nikibembeleza: "Bosi, naomba urudi ndani. Bosi, nitachelewa kazini, tafadhali." Jirani mmoja aliniuliza, kwa sauti ya chini, kama ofisini kwetu mambo yamekuwa magumu kiasi hicho.

Bosi ni mbwa koko wa rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama, jingine limelala kama lina malaria. Miezi minne ya kwanza aliniona kama kabati. Nikimwita anageuka, anahakikisha kwamba ni mimi, halafu anaendelea na shughuli zake.

Nikaenda kwa mzee wa nyumba ya tatu, mwanajeshi mstaafu. Nilipotoa shikamoo tu, somo likaanza. "Kijana, mbwa asili yake ni mbwa mwitu. Anatafuta dume la kundi. Usipokuwa wewe, atakuwa yeye." Masharti yalikuwa mawili: nile kabla yake huku ananitazama, na nipite mlangoni kabla yake. La kwanza nililiweza, ingawa si kazi ndogo kumeza ugali huku umekodolewa macho na kiumbe anayedondosha mate juu ya ndala yako. La pili lilinishinda siku ya mvua. Tulifika getini pamoja, mimi nikikimbilia cheo, yeye akikimbilia mbuzi wa watu. Alipita katikati ya miguu yangu. Nilipofumbua macho nilikuwa kwenye tope na ndala moja mguuni. Ya pili alishaondoka nayo.

Baadaye nikasoma kwamba aliyezivumisha habari hizo alikuja kuzisahihisha mwenyewe. Mmarekani David Mech aliandika kitabu kikubwa cha mbwa mwitu mwaka 1970, dume la kundi limo. Mwaka 1999 akachapisha makala ya kuliondoa. Vita vya ukubwa vilionekana kwa mbwa mwitu wasiojuana waliofungiwa pamoja. Porini kundi huwa ni baba, mama na watoto wao. Ni sawa na mtu aichunguze familia ya Kitanzania kwa kuwatazama abiria wa daladala ya Mbagala saa moja asubuhi. Nilimpelekea mzee taarifa hiyo. Akasema huyo Mmarekani hakupita chuo cha jeshi cha Monduli.

Fimbo niliijaribu siku mbili, na sijisifii. Kilichopatikana ni mbwa anayeingia uvunguni mwa gari kila mtu akishika ufagio. Kuja akiitwa, bado.

Dawa niliipata Morogoro, tena harusini. Mpwa wangu anayesoma SUA alinisimulia habari za panya buku wanaofundishwa pale na shirika la APOPO kunusa mabomu ya ardhini, na kifua kikuu kwenye makohozi. Hawachapwi wala hawafokewi. Panya akipatia, kidude kinalia tik, kisha anapewa ndizi. Ule mlio ndio unaomwambia ni kitendo gani hasa kimelipwa. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia, akafichua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 shirika moja la Uingereza likamvisha nishani ya dhahabu. Panya! Na mimi nilikuwa nimeshindwa kumfanya mbwa anirudishie ndala.

Kidude sikuwa nacho, nilikuwa na kalamu ya kubonyeza. Dagaa wa Mwanza nikawatia mfuko wa shati, upande wa moyo. "Kaa!" Bosi kimya, amesimama. Nikangoja bila kusema kitu, jambo gumu kuliko yote. Alipochoka akashusha makalio chini: tik, dagaa. Siku ya tatu ningeweza kumkalisha kwa kunong'ona. Kwenye daladala nako watu wakawa wananiachia siti nzima, nisijue kama ni heshima au ni shati.

Shida ikawa Kiswahili chenyewe, maana "kaa" ni neno la kila mtu. Mama mkwe alipokuja kutoka Tanga nilimpokea mzigo, nikamwambia, "Shikamoo mama, karibu, kaa." Wa kwanza kukaa akawa Bosi, katikati ya sebule, macho kwenye mfuko wangu. Ningemnyima, kazi ya wiki nzima ingeharibika. Nikampa. Mama mkwe bado amesimama, hajapata hata maji ya kunywa, anamtazama mkwewe akitoa samaki kifuani na kumlisha mbwa.

Hilo lilisameheka. Wiki iliyofuata, saa nane za usiku, Bosi alibweka ile ya kwelikweli. Nikatoka na tochi, nimefunga msuli, mke wangu nyuma ananivuta nirudi. Kijana mmoja alikuwa juu ya ukuta, mguu huku, mguu kule, ndoo zetu mbili mkononi. Bosi ameng'ang'ania pindo la suruali yake, haachii. Kwa mara ya kwanza tangu nijenge nilijisikia mwenye nyumba. Nikanguruma:

"Kaa hapo hapo!"

Bosi akaachia suruali. Akakaa. Tena alikaa vizuri, mgongo umenyooka, mkia unafagia mchanga, ananitazama. Yule kijana naye akanitazama kidogo, kama mwenye swali, kisha akarukia ng'ambo na ndoo zake. Tukasikia miguu yake hadi kona ya msikitini.

Nikapapasa kifuani. Hamna shati, hamna mfuko. Nikaingia jikoni kupekua makopo gizani, mpaka dada wa kazi akaamka na kuwasha taa.

"Baba, wameiba nini?"

"Ndoo mbili."

"Sasa dagaa wa nini?"

"Amekaa," nikasema.