Mhadhara Adhimu Juu ya Hamira Iliyokufa

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye naambiwa amepata udhuru wa ghafla. Wajumbe wa kamati. Mabibi na mabwana. Na nyinyi vijana mliofuata soda: kaeni kitako.

Anayesimama mbele yenu ni bingwa wa lishe. Nani kampa ubingwa? Kajipa mwenyewe, baada ya kujisaili kwa ukali usio na huruma. Cheti kipo, kimechapishwa kwa rangi pale steshenari.

Mada ni hamira lishe. Mama wa maandazi, usinikunjie uso! Hii na ile yako ni za tumbo moja: kuvu wa chembe moja aitwaye Saccharomyces cerevisiae, jina ambalo mimi hulitamka bila kumrushia mtu mate. Ila yako inauzwa ikiwa hai, imelala tu, inangoja maji ya uvuguvugu. Yangu hukuzwa matangini kwa molasi. Ikishanenepa inauawa kwa joto, inakaushwa, inabaki vipande vya manjano kama magamba ya samaki. Ukiitia kwenye donge lako, utangoja liumuke mpaka Idi ya mwakani.

Sasa faida. Karibu nusu ya uzito wake ni protini, tena yenye zile amino asidi zote tisa ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Vitamini za kundi B ndiyo usiseme. Na hapa naomba utulivu, maana naingia kwenye historia, uwanja ambao nao nimejitunuku.

Kusini mwa Marekani, mwanzoni mwa karne iliyopita, maskini waliokula mahindi, molasi na mafuta ya nguruwe walishikwa na pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaendesha, akili inaruka, kisha kaburi. Wakubwa wakasema ni maambukizi. Daktari Joseph Goldberger akabisha. Mwaka 1916 yeye na wenzake wakameza vidonge vilivyokandwa kwa unga, vigaga vya ngozi za wagonjwa, mkojo na kinyesi chao. Ndiyo, kinyesi. Hakuna aliyeugua pelagra. (Mimi pia nimewahi kula kiporo cha kande cha siku tatu kwa ajili ya sayansi, lakini sipendi kujisifu.) Dawa aliyoikuta ilikuwa rahisi ajabu: hamira ya kutengenezea bia. Mto Mississippi ulipofurika mwaka 1927, Msalaba Mwekundu uliigawa kwa waathirika. Ilipofika 1937 ndipo Conrad Elvehjem akabainisha kitu chenyewe, niasini. Mahindi yanayo, ila yameifungia ndani, mwili hauifikii. Mzee, rudisha pumzi. Ugali wako unashuka na maharage na dagaa. Huna pelagra, una uvivu.

Naam, bibi nesi mstaafu, mkono wako nimeuona tangu mwanzo, nikauacha kwa makusudi. Unauliza B12 inatoka wapi? Swali zuri, na nilikuwa nimelipangia kesho. Hamira haitengenezi B12. Bakteria ndio watengenezaji, na kiwanda ndicho huichanganya baadaye kikitaka. Kwa hiyo asiyegusa nyama, maziwa wala mayai asome kopo kwanza. Kama B12 haikuandikwa, haimo. Hayo ndiyo niliyokuwa nakaribia kuyasema. Makofi hayo ni ya nani? Ni yake? Sawa.

Tuendelee haraka. Mwenye gauti amwone daktari kwanza, maana hamira ina purini nyingi. Nanyi mtakaozidisha, mkiona mkojo unang'aa manjano asubuhi, msianze kuandika wosia. Ni riboflavini ya ziada inapita zake. Na ladha! Ina glutameti, hivyo huleta utamu wa jibini bila ng'ombe kuhusika. Wamarekani huinyunyizia bisi. Mimi nimeinyunyizia mihogo, wali, na uji wa mama mkwe. Mama mkwe sasa anaishi kwa mdogo wake.

Bei? Bibi nesi, wewe, nani amekutuma? Ni kweli, ni ghali. Huletwa kutoka ng'ambo. Na ni kweli pia kwamba kwa bei ya kopo moja utajaza gunia la maharage robo. Lakini je, maharage yana mhadhara?

Basi. Kopo linapita safu ya mbele, kila mtu aonje ncha ya kijiko. Nimesema kijiko. Kijana wa soda, weka chini hicho kikombe.